Mwaka Mmoja na Siku Moja Petroto

Mume wangu alikuja nchi yetu akiwa njiani kwenda Yerusalemu. Alikuwa mtoto wa tatu wa bwana mdogo wa Montecardo, huko Lombardia, ambako mtoto wa kwanza hurithi ngome, wa pili hupelekwa kanisani, na wa tatu hupewa farasi na kuambiwa aende salama. Obizzo akajishonea msalaba begani, akapanda meli pamoja na wenzake, na meli hizo zikatia nanga Konstantinopoli, mji wa Wakristo, wakauteka na kugawana. Safari ilikuwa ya kulikomboa kaburi la Bwana. Nikiwa nimekasirika nilikuwa namwuliza kama bado yuko njiani, naye alinijibu bila kutabasamu kwamba ndiyo, bado.

Mume wangu alikuwa mtu wa neno lake. Nalisema mapema kwa sababu ndilo jambo lililonipandisha damu miaka yote ya ndoa yetu. Watu aliokuja nao meli moja walikuwa sasa na ngome mbili, tatu, na vinu na mashamba ya mizabibu, kwa sababu waliingia wakati mwenyewe hayupo wakafunga mlango. Yeye alingoja kupewa.

Ngome ya kwanza alipewa na Markizi mwenyewe, kiongozi wao, kule kaskazini kwenye mto Strimoni. Markizi aliuawa na Wabulgari kabla Obizzo hajafungua mizigo, na ngome ikawa ya Wabulgari. Ya pili ilikuwa mnara mzuri kando ya bahari, chini ya mlima Olimpo. Sasa, kwa desturi ya Walatini, yaani hao waliokuja na meli, mwenye ardhi humtumikia bwana wake miezi minne vitani, miezi minne kwenye ulinzi wa mpaka, na miezi minne hukaa kwake. Obizzo alitumikia miezi yake minane bila kupunguza hata siku moja. Aliporudi alimkuta mtu wa Verona ndani ya mnara wake, na mke wa mtu huyo anaanika nguo ukutani. Akaenda kushtaki. Mahakama ikamwuliza muda wote huo alikuwa wapi.

Ya tatu ilikuwa Petroto, na Petroto ni kwetu.

Si mahali pakubwa. Ni mnara mmoja, kisima kisichokauka, mizeituni mia mbili na ushee, na kanisa dogo ambamo watu wetu wamezikwa vizazi sita. Baba yangu, Kosmas Likodimos, alikuwa mkuu wa bonde lile kabla ya Walatini. Walipofika aliwafungulia lango wasije wakaikata mizeituni, na baada ya hapo hakuinua tena kichwa, akafa mwaka wa tatu. Kaka yangu Vardas alikimbilia milimani kwa watu wa Despoti, mtawala wetu ambaye Walatini hawakumshinda. Mimi nilibaki, mjane wa miaka ishirini na minane, nikawa najiuliza nitatolewa lini.

Bonde lote lilikuwa limeangukia mikononi mwa Ansaldo, bwana mkuu wa Kastri, Mlatini mwenye sauti ya upole na macho ya mtu anayechagua nyama sokoni. Ansaldo alimpa Obizzo Petroto kwa mdomo tu. Hakumwandikia barua. Hakumkabidhi glavu yake mbele ya watu, kama wanavyofanya wao wanapompa mtu ardhi kwa dhati. Alimwambia akae pale kwanza, ajenge ukuta ulioanguka, halafu wataona. Obizzo akaja na watu sita na farasi mmoja mzee, akaanza kubeba mawe kwa mikono yake mwenyewe.

Nisiseme uongo: niliolewa naye kwa sababu ya Petroto, na yeye alinioa kwa sababu hiyo hiyo. Tulikubaliana kama watu wazima, tumekaa kwenye ukingo wa kisima. Mengine yalikuja baadaye, na mimi nilichelewa kuyaona.

Ukuta ulipokwisha tukangoja glavu. Tukangoja miaka mitatu. Kila tulipokwenda Kastri kwenye sikukuu Ansaldo alimpiga mume wangu begani na kumsifia kazi ya ukuta, kisha akageuka kuzungumza na mpwa wake Rufino, kijana aliyekuwa amewasili kutoka Italia na viatu vyekundu na bila ardhi. Sikuhitaji kuambiwa. Nilimwambia Obizzo njiani kurudi kwamba ukuta aliujengea viatu vyekundu. Jioni ile alinieleza habari ya mwaka mmoja na siku moja.

Desturi yao ni hii. Asiye na barua wala glavu, akikaa ndani ya ngome mwaka mmoja na siku moja, akalala ndani kila usiku, na asitokee mtu wa kusimama langoni kumpinga kwa sauti mbele ya shahidi, basi ngome ni yake na ya watoto wake, na hata mfalme hawezi kumtoa. Akilala nje usiku mmoja tu, hesabu imevunjika. Akipingwa, kesi inakwenda mahakamani, na anayekalia kiti cha mahakama ya Kastri ni Ansaldo mwenyewe.

Tulianza kuhesabu siku ya Mtakatifu Martino, tarehe kumi na moja ya mwezi wa kumi na moja. Miaka ya nyuma haikuhesabika, maana kila sikukuu tulilala Kastri, na asiye na glavu hadaiwi miezi minane ya utumishi. Shahidi wetu alikuwa jirani, mzee Taddeo, askari wa farasi aliyestaafu na tumbo lake, ambaye kila Jumamosi alikuja kuthibitisha kwamba Obizzo yupo, akathibitisha pia kwamba jibini ipo na divai ipo.

Mwaka ule nilidhani nitapata wazimu. Binti ya Taddeo aliolewa, tukaenda kanisani mbio na kurudi mbio, bwana harusi hata hajakata mkate. Jino la mume wangu likaoza, kinyozi mng'oa meno yuko Kastri, naye akakataa kwenda kwa kuwa huenda mvua ikamlaza huko. Mhunzi wetu ndiye aliyeling'oa, kwa koleo la kwato za farasi. Barua ikaja kwamba mama yake amefariki Montecardo na kuna kipande cha shamba la mizabibu kinamngoja. Alilia siku mbili, akakiacha. Alikuwa amemwomba Taddeo amhesabie siku kwa haki, na kwa haki alitaka azishinde.

Zikiwa zimebaki siku ishirini na tano, mtu wa Ansaldo akapita kutuambia kwamba bwana mkuu atakuja kututembelea siku ya Mtakatifu Dimitri, siku kumi na saba kabla ya hesabu kutimia, yeye na mpwa wake Rufino. Ansaldo alikuwa hajakanyaga Petroto miaka minne. Taddeo, aliyekuwapo siku hiyo, aliacha kutafuna.

Kila mtu alielewa. Ansaldo angesimama langoni kwetu, angefungua kinywa mara moja tu, na mwaka wetu ungekuwa bure. Nilimwambia Obizzo afunge daraja la chini, aseme limebomoka. Akanitazama kana kwamba nimemwambia aibe kikombe cha altare. Bwana wake anakuja nyumbani, akasema, atampokea. Akaanza kuwaza habari ya mwanakondoo.

Naweza kuyasema haya sasa kwa sababu Ansaldo amekufa na Rufino hajui kusoma. Niliandika barua kwa mkono wangu. Nikaikunja ndani ya kitambaa, nikaifinyanga katikati ya jibini, nikampa baba Yoannikio, mtawa aliyekuwa akipanda milimani kila mwezi kununua asali. Nilimwandikia kaka yangu Vardas kwamba Ansaldo atapita njia ya kivuko cha mawe siku moja kabla ya Mtakatifu Dimitri, na watu wachache. Amzuie, amweke siku kumi na tisa tu, amlishe vizuri, asimguse hata unywele. Baada ya hapo Petroto itakuwa yetu tena, na mama yetu, kaburini mwake kanisani, hatalala chini ya sakafu ya mgeni.

Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu. Niliiona akili kubwa.

Siku ya Mtakatifu Dimitri mwanakondoo alichomwa, na Ansaldo hakuja. Nilikula vizuri. Obizzo hakula. Alipanda mnarani mara nne kutazama barabara, akasema huenda bwana amepatwa na jambo, na uso wake ulikuwa na wasiwasi wa kweli juu ya mtu aliyekuwa anakuja kumnyang'anya nyumba. Nilitaka kumtikisa. Habari zikafika baada ya siku mbili: Wagriki wa milimani wamemkamata Ansaldo kivukoni, Rufino amekimbia na kiatu kimoja. Sisi twajiita Warumi, wao watuita Wagriki. Siku ile neno hilo halikunikera hata kidogo.

Siku zikapungua. Kumi na nne, kumi na moja, tisa. Nilianza kuwaonyesha wafanyakazi mahali pa kupanda mizeituni mipya.

Zikiwa zimebaki siku nane, wakati tunamenya maharage uani, akaingia mpanda farasi wa Kastri pamoja na Taddeo. Taddeo hakuitazama jibini. Mpanda farasi hakushuka. Akasema bwana Ansaldo yu hai, ameshikwa na Vardas Likodimos, hapo akanitupia jicho, na watu wa Vardas wamechoka na baridi na wanataka fidia. Fidia hiyo hakuna wa kuikusanya ila bwana mwenyewe. Kwa hiyo bwana Ansaldo anamwita mtu wake Obizzo wa Montecardo, kwa desturi ya nchi, aje akae rehani badala yake mpaka fidia ifike.

Hiyo desturi niliijua. Obizzo alinisomea desturi zao zote kama watu wengine wanavyoimba: mtu akitekwa bwana wake, ni wajibu wake kuingia kifungoni ili bwana atoke. Nilikuwa nimeisikia mara kumi. Lakini kwetu jambo hilo halipo; kwetu ukimkamata mtu umemkamata huyo, si jirani yake. Nilipokuwa naandika barua yangu ya jibini halikunipitia kichwani hata kidogo, na Vardas ndiyo kabisa, alikubali kubadilishana akidhani anabadilisha ng'ombe mmoja kwa mwingine.

Mpanda farasi akaongeza, taratibu, kwamba bwana anajiuliza sana ni nani aliyewapa Wagriki siku na njia. Kisha akaenda kunywesha farasi wake maji.

Nikamvuta Obizzo nyuma ya kinu cha mafuta.

"Huendi," nikamwambia.

"Nimeitwa, Frosini."

"Ana watu ishirini wenye glavu na barua. Kwa nini wewe?"

"Unajua kwa nini." Alikuwa bado ameshika bakuli la maharage. "Nikienda, nalala nje, hesabu imekwisha. Nikikataa, nimesema kwa kinywa changu kwamba mimi si mtu wake. Na kama si mtu wake, nafanya nini ndani ya ngome yake? Amefikiria vizuri. Amekaa kule kwenye baridi akafikiria vizuri."

"Basi ugua. Lala kitandani. Siku nane tu, mume wangu, hata mimi nitakuvunja mguu ukitaka."

"Taddeo yuko uani. Ameniona nimesimama."

"Taddeo ataona tunachompa kuona."

Akaliweka bakuli juu ya ukuta, polepole, ukuta wake mwenyewe. Akasema kwamba yeye hakuwa na kitu kingine, tangu Montecardo mpaka leo, isipokuwa kwamba akisema jambo ni hilo. Ngome walimchukulia, shamba la mama yake ameliacha, jino amelitoa. Hicho kimoja akikitoa atakuwa amebaki na nini.

"Na mimi?" nikamwuliza. "Mimi nimebaki na nini?"

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia ukweli wangu. Nilitaka kuusema. Lakini mpanda farasi alikuwa anapita na ndoo, na kama Obizzo angejua, nilifikiri, yeye na neno lake, angekwenda akaungama kwa ajili yangu mbele ya mahakama nzima. Nikanyamaza. Akaondoka asubuhi iliyofuata juu ya farasi wake mzee, hata hakugeuka, kwa sababu shingo yake ilikuwa ngumu tangu utoto. Mimi nililia nikidhani ni kiburi.

Nilijipa moyo kwa jambo moja. Vardas atamwona shemeji yake, atacheka, atamrudisha. Hesabu imevunjika, sawa, lakini akirudi kabla ya kupingwa, huenda Taddeo akasahau siku mbili tatu. Nilichinja kondoo mwingine kwa ajili ya Taddeo.

Siku tatu kabla ya mwisho alikuja Ansaldo mwenyewe, amekonda kidogo, amenyoa, na Rufino nyuma yake na viatu vipya. Taddeo aliletwa nao. Nilisimama langoni na wale watu wetu sita, ambao tayari walikuwa wanatazama ardhi.

Ansaldo akasema maneno yake kwa sauti, kama desturi inavyotaka. Anapinga. Mwenye kudai Petroto hayumo Petroto.

Nikamwambia mume wangu yumo. Nikamwambia mapadri wao wenyewe wanafundisha kwamba mume na mke ni mwili mmoja, na huu mwili umelala kitandani mwake kila usiku bila kukosa, aulizwe mtu yeyote. Taddeo akasema polepole kwamba hilo nalo ni neno. Nitamkumbuka kwa hilo mpaka kufa.

Ansaldo hakucheka. Alishuka kwenye farasi, akanisogelea mpaka watu wengine wasisikie, akazungumza nami kwa upole, kwa Kirumi kizuri, lugha yetu, alichojifunza kwa watumishi wake.

"Mama, tuache habari za vitanda. Kaka yako alinilisha kuku kila siku. Kuku, milimani, wakati watu wake wanakula magome. Alinipa blanketi lake. Nikamwuliza kwa nini, akasema ameombwa."

Nikatazama viatu vya Rufino.

"Sijui ameombwa na nani," akasema. "Nitajua. Mumeo amekwenda kule mahali pangu. Kama kweli ni mateka, atakaa kama mateka mpaka nilipe, na mimi si mwepesi wa kulipa. Lakini akirudi kesho au keshokutwa, amenona, kwenye nyumbu wa Vardas, basi nitakuwa nimejua kwamba nilikamatwa na familia. Na hapo hatutazungumza habari ya Petroto. Tutazungumza habari ya kamba."

Akapanda farasi. Bendera ya Obizzo ikashushwa kabla ya saa sita mchana. Nilipewa mkokoteni mmoja na nafasi ya kwenda kuyaaga makaburi. Sikwenda. Ningewaambia nini, kwamba nilikuwa mwerevu?

Nikafika mji wa Thiva kwa binamu yangu Zinovia, mwenye karakana ya hariri, akanipa kazi ya kuchambua nyuzi pamoja na wasichana wake. Njia nzima na siku zote zilizofuata niliomba kwa pande mbili, sijui watakatifu walinielewaje. Nilimwomba Mungu Obizzo arudi haraka, halafu nikamwomba asirudi kabisa. Tarehe kumi na mbili ikapita, siku ambayo tungekuwa wenyewe. Hakurudi. Nikashukuru, kisha hasira ikanishika, na hasira ndiyo iliyokaa. Maana nilimjua Vardas. Vardas asingemzuia mtu kwa nguvu. Kama Obizzo bado alikuwa kule, ni kwa sababu ameapa, na amekaa juu ya jiwe anatimiza kiapo kwa mtu aliyemwibia, wakati mkewe anavunja kucha kwenye nyuzi za watu. Nilimsema kwa wasichana mpaka wakachoka. Ngome tatu, niliwaambia. Mtu mmoja, ngome tatu, na zote amezipoteza kwa adabu.

Alifika siku tatu baada ya Krismasi. Theluji ilikuwa imewafukuza watu wa Vardas kutoka milimani, wakamwachia, na fidia Ansaldo hakuilipa mpaka akafa. Alisimama kwenye mlango wa karakana, ndevu mpaka kifuani, akichechemea. Wasichana wakatoka bila kuambiwa.

"Umechelewa siku arobaini na kitu," nikamwambia. Ndilo neno langu la kwanza kwake.

Akakaa juu ya mzigo wa hariri. Nikamwaga yote: lango, bendera, mkokoteni, viatu vya Rufino vikipanda ngazi za baba yangu. Nikamwuliza ni kiapo gani hicho kilichomshika kule, maana kaka yangu namjua, kaka yangu hawezi kumfungia shemeji yake mlango.

"Hakunifungia," akasema. Alikuwa anafungua vitambaa miguuni, na ilimchukua muda kwa sababu vilikuwa vimegandia. Vifundo vyote viwili vilikuwa na vidonda vya pingu, vingine vimepona na kuchubuka tena.

"Vardas amekufanyia hivi?"

"Alikataa siku mbili nzima. Nilimwomba mpaka akakubali, akalia wakati wa kufunga. Kaka yako ana moyo mwepesi." Akapumua. "Siku niliyofika alinikumbatia. Akanipa nyumbu na mfuko wa jozi, akasema, shemeji, rudi nyumbani, huu ulikuwa mpango wa dada yangu, umeharibika kidogo tu. Alinisomea barua yako. Bado ilikuwa inanuka jibini."

Nilikaa chini sakafuni. 

"Basi ulijua."

"Nilijua."

"Ungerudi. Siku zilikuwa bado."

"Na nyumbu wa Vardas, Frosini? Na jozi?" Alisema bila kelele, kama mtu anayemwelekeza mwingine njia. "Ansaldo alikuwa anangoja hicho tu. Ilibidi nirudi hivi nilivyo. Nimepitia Kastri kwanza, wamenitazama miguu, mahakama yote imetazama. Wamekubali kwamba hakuna undugu hapo. Taddeo alitapika."

Nikamwuliza kama alijua, akiwa kule, kwamba tumekwisha kutolewa.

"Mahali nilipofungwa Petroto inaonekana yote," akasema. "Nilikuwa nauona moshi wa jiko lako asubuhi. Halafu bendera ikashuka. Zilikuwa zimebaki siku tatu, nilizihesabu."

Nilimwuliza kama hakukasirika. Ningependa akasirike, ningependa anitukane kwa Kilombardi mbele ya wasichana wote wa Zinovia, ningekuwa na kitu cha kujibu.

"Nimekasirika sana," akasema. "Sijawahi kukasirika hivi tangu nizaliwe. Niletee maji ya moto."

Nikaenda kuchota maji kwenye sufuria la kuchemshia hariri. Nikayamwaga nusu njiani. Nilipiga magoti, nikamwosha miguu, naye, akiuma meno, akanisimulia alivyoapa Kastri. Miaka yote ile nilimcheka kwa kuwa mtu wa neno. Na sasa alikuwa amesimama mbele ya mahakama ya Kastri, mkono juu ya Injili, akawaapia kwamba alikuwa mateka wa kweli na kwamba mkewe hakujua lolote. Ulikuwa uongo wake wa kwanza, na aliununua kwa Petroto.